Namelok na Trekta Lililogoma

Kijijini Kisongo jua huchelewa kidogo kutokea. Kwanza lina kazi ya kuupanda Mlima Meru kwa upande wa pili. Lakini Namelok halisubiri. Likichungulia tu, yeye ameshakamua, ameshachuja maziwa, na keni zake zimefungwa tayari kwa safari.

Namelok anaishi na mume wake, Lesian, pamoja na mama yake Lesian. Bibi huyu anaitwa Nkasiogi, lakini pale nyumbani wote humwita Koko, maana yake bibi. Mtoto wao Solomoni yuko shule ya bweni. Kwa hiyo majirani humwita Namelok Mama Solomoni.

Kwenye mambo ya maziwa, Namelok hana mpinzani. Keni zake huziosha kwa maji ya moto na sabuni, halafu huzianika juani mpaka zing'ae. Akifunga kifuniko, kimefungwa kweli. Mwanamume mzima akitaka kukifungua lazima akunje sura.

"Maziwa ni kama siri," husema. "Ukiacha upenyo, kwisha habari yake."

Nyumbani kwao kuna ng'ombe wachache, na kuna trekta. Usishangae, si trekta la kulimia. Ni trekta dogo la kukatia majani. Lina kiti cha mtu mmoja, visu viko tumboni, na nyuma linavuta tela dogo. Zamani Lesian alikuwa mtunza bustani katika kambi ya watalii. Kambi ilipofungwa, mwenye kambi alimwachia trekta hilo kwa kuagana naye vizuri. Siku alipofika nalo nyumbani, majirani walicheka mpaka wakakaa chini.

"Lesian kaleta ng'ombe wa chuma!" walisema. "Tutaona atatoa maziwa lita ngapi."

Hawakucheka muda mrefu. Karibu na hapo kuna chuo cha ufundi chenye viwanja vikubwa. Chuo kiliwapa Lesian na mkewe kazi ya kukata majani. Majani waliyokata yalikuwa mali yao. Namelok aliyatandaza juani yakauka vizuri, akayajaza kwenye magunia. Kiangazi kilipofika, watu walihangaika na mifugo yao huku na huko. Ng'ombe wa Namelok walisimama zizini wakitafuna.

Kati ya ng'ombe hao yuko Narok, yaani Mweusi. Namelok alipoolewa, baba yake alimpa ng'ombe mmoja. Baba ameshafariki. Yule ng'ombe naye ameshakufa. Narok ni mjukuu wa ng'ombe yule, na katika uzao ule amebaki peke yake. Ni mtamba, bado hajazaa, lakini mimba yake inaonekana. Namelok akimkuna shingoni humwona baba yake kabisa, amesimama na fimbo yake mlangoni. Anampenda Narok, wala hafichi.

Sasa, trekta lile lilikuwa na kazi ya pili. Asubuhi lilibeba keni za maziwa kwenye tela, ubavuni mwa dumu la petroli ya akiba, mpaka kituo cha kukusanyia. Njia ina makorongo. Mpira wa kifuniko cha tangi la mafuta ulikuwa umezeeka. Trekta likiruka, petroli nayo inaruka na kulowesha keni. Siku moja mpokeaji wa maziwa alifungua keni ya Namelok, akanusa, akarudi nyuma.

"Mama Solomoni," alisema, "haya ni maziwa ya ng'ombe au ya kituo cha mafuta?"

Watu kwenye foleni walicheka. Namelok hakucheka. Maziwa yake yalikataliwa mbele ya watu, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alirudi nyumbani uso umemshuka.

Jioni ile ile alikata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Akakikaza ndani ya kifuniko cha tangi. Juu yake akafunika nailoni, akaizungushia kamba ya mpira, akavuta kwa nguvu zake zote. Akainama, akanusa. Hakuna harufu hata kidogo.

"Hapo sasa," alisema, "hatoki hata mbu."

Tangu siku ile maziwa hayakunuka tena. Na tangu siku ile trekta likaanza visa.

*

Asubuhi lilikuwa linawaka, tena kwa kubembelezwa. Likifika katikati ya uwanja wa chuo, linakohoa, linatetemeka, linazima. Lesian anazungusha ufunguo. Trekta linalia nyi-nyi-nyi, halishiki. Anavuta choki ili mafuta yaingie mengi zaidi. Wapi! Anazungusha tena mpaka betri inachoka.

Walimwita kijana mmoja anayetengeneza pikipiki. Alizunguka trekta, akalipiga tairi teke, akasema, "Hapa kabureta imekufa, mzee. Tafuta nyingine." Lesian alitafuta kabureta, kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa, mjini kote. Ya aina ile hakuipata.

Mara nyingine Koko alifuatana nao kuokota majani. Siku moja trekta lilipozima, Koko alisimama mbele yake akaegemea fimbo.

"Nyinyi watoto mnakosa adabu," alisema. "Mnalipanda tu asubuhi bila hata salamu. Hata punda husalimiwa." Akaliinamia. "Takwenya!"

Hiyo ndiyo salamu ya Kimaasai kwa mwanamke. Mwanamke akisalimiwa hivyo hujibu "Iko." Trekta halikujibu. Lesian, kwa upande wake, alikuwa anafungua tangi aone kama mafuta yapo. Aliondoa kamba, akatoa nailoni, akazungusha kifuniko. Mafuta yalikuwepo, zaidi ya nusu. Akafunga tena, akazungusha ufunguo.

Trekta likawaka!

"Mnaona?" Koko alisema huku akinusa ugoro wake kwa raha. "Limesalimiwa."

Lilikata mistari michache tu, likazima tena. Koko alisalimia. Lesian akatazama mafuta. Likawaka. Baadaye likazima. Mchana ule Koko alisalimia mpaka sauti ikamkauka, na uwanja ulikuwa haujafika hata nusu.

Mwalimu Daniel, msimamizi wa mazingira pale chuoni, alikuja akasimama kando. Ni mtu mpole. Ilionekana kabisa kwamba hapendi alichokuja kusema.

"Shikamoo Koko. Mama Solomoni, Baba Solomoni, poleni na kazi."

"Tumeshapoa, Mwalimu."

"Jamani, Jumamosi ni mahafali. Wageni watakaa hapa uwanjani. Majani yakibaki hivi, mkuu wa chuo ameniambia nitafute mtu mwingine. Na huyo mtu mwingine atachukua kazi moja kwa moja."

"Na majani?" Namelok aliuliza.

"Majani yatakuwa yake, mama."

Walirudi nyumbani wakilisukuma trekta. Hakuna aliyezungumza njiani isipokuwa Koko, naye alikuwa analigombeza trekta kwa Kimaasai.

Nyumbani walimkuta Yiamat. Yiamat ni dalali wa mifugo mnadani Kisongo. Ana kofia ya ngozi na pua ya kunusa shida za watu. Alikuwa ameegemea boma la ng'ombe, akimtazama Narok.

"Huyu mtamba ananenepa," alisema. "Mtamba mwenye mimba siku hizi anatafutwa sana, Lesian. Kiangazi kikianza bei inashuka. Mimi nakushauri tu kama ndugu."

Yiamat alipoondoka, Lesian alikaa kwenye kigoda akavua viatu polepole.

"Mama Solomoni," alisema, "tukikosa majani ya chuo, hatutawalisha wote kiangazi. Itabidi mmoja aende. Wale wengine wanakamuliwa, ndio wanaotulisha. Narok hakamuliwi."

"Narok ni wa baba yangu."

"Najua."

"Kama unajua, usiseme."

"Nisiposema mimi, njaa itasema." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumia. "Jumamosi isipokamilika ile kazi, nitampigia Yiamat."

Namelok aliinuka akaenda zizini. Alimkuna Narok shingoni. Narok alimlamba mkono kwa ulimi wake mkavu kama msasa. Namelok akalia kidogo, akajifuta kwa shuka. Halafu akasema kwa sauti, ingawa hakuna aliyemsikia ila ng'ombe, "Hapana. Lazima kuna mtu anayejua ugonjwa wa hii mashine."

*

Mtu huyo alikuwepo, tena Kisongo hapo hapo. Anaitwa Anyesi, na majirani humwita Mama Eliasi. Ni Mmeru, kwao ni kule kwenye migomba na kahawa, upande wa pili wa mlima. Kwa miaka mingi alitengeneza pampu za maji katika shamba la maua. Sasa ana karakana yake ndogo karibu na barabara kuu. Namelok alikuwa akipita pale kila siku na keni zake. Hakuwahi kufikiria kuingia. Aliona pampu tu mle ndani, akadhani fundi wa pampu hajui trekta.

"Hodi, Mama Eliasi."

"Karibu, mama wa maziwa! Leo umekuja bila keni?"

Namelok alimweleza yote, pamoja na habari za Narok. Anyesi alisikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa.

"Pampu na trekta lako ni ndugu," alisema. "Zote zina injini ndogo ya petroli. Twende tukalione. Lakini usinunue kitu wala usibadilishe kitu kabla hatujajua linaumwa nini. Daktari hatoi dawa akiwa mlangoni."

Walipofika, Lesian alikuwa ameshaleta bisibisi na waya. Alitaka kuuingiza waya kwenye kabureta.

"Shemeji, ngoja kwanza na huo waya," Anyesi alisema akicheka. "Uweke chini. Kabureta ina vitundu vidogo kuliko tundu la sindano. Ukivichokonoa kwa waya unavipanua, halafu utatafuta kabureta kweli."

Lesian aliweka waya chini.

"Sasa sikilizeni," Anyesi alisema. "Injini hii inataka vitu vitatu ili iwake. Inataka mafuta, inataka hewa, na inataka cheche ya moto. Kikikosekana kimoja, hata ulisalimie kwa lugha zote, haliwaki."

Koko alikohoa.

"Samahani, Koko. Salamu ni nzuri, lakini haitoshi."

Anyesi aligusa injini kwa nyuma ya mkono, akaona imepoa. Akachomoa waya mnene unaoingia juu ya plagi, ile inayotoa cheche. "Hili ni la kwanza kila siku," alisema. "Usiingize mkono kwenye trekta, hasa karibu na visu, kabla hujachomoa waya huu. Visu havijui nani mwenye nyumba."

Akafungua plagi kwa spana. Akaitazama, akainusa, akampa Namelok. "Wewe una pua. Nusa."

Namelok alinusa. "Inanuka moshi kidogo."

"Petroli?"

"Hapana. Ni kavu."

"Enhe! Na shemeji anasema jana alivuta choki, akazungusha, akavuta tena. Kwa kazi ile plagi ilipaswa kulowa petroli. Kumbe ni kavu. Maana yake nini?"

Namelok alifikiri. "Mafuta hayafiki."

"Hayafiki! Umeshakuwa fundi." Anyesi aliisafisha plagi kwa brashi, akaonyesha kuwa cheche yake ni nzima, akairudisha mahali pake. Kisha akafungua chujio la hewa. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwakunjwa, imekakamaa na kuvimba.

"Hii karatasi imepatwa na nini?"

"Niliiosha," Namelok alisema kwa fahari kidogo. "Kwa maji ya moto na sabuni. Ilikuwa na vumbi sana."

Anyesi alifumba macho. "Mama wa maziwa! Chujio la karatasi halioshwi. Unaligongesha taratibu, vumbi linadondoka. Likichoka unanunua lingine. Ukiliosha linajikunja, linaziba hewa. Hili tutabadilisha. Lakini sidhani kama ndilo kosa kubwa. Trekta linawaka vizuri, ndipo linazima. Na likizima, mafuta hayafiki. Tangi lina mafuta?"

"Yapo zaidi ya nusu," alisema Lesian. "Kila likizima ninatazama."

Anyesi aligeuka. "Kila likizima unatazama?"

"Ndiyo. Nafungua, naona yapo, nafunga."

"Na ukishatazama linawaka?"

"Linawaka," Koko alidakia. "Kwa sababu ninalisalimia."

Anyesi hakucheka safari hii. Alisogea kwenye tangi. Kwa mara ya kwanza aliitazama vizuri ile nailoni na ile kamba ya mpira.

"Hapa kafunga nani?"

"Mimi," alisema Namelok.

"Umefunga kweli."

"Maziwa yalinuka petroli. Yalikataliwa mbele za watu." Uso ulimwaka akikumbuka. "Nikasema haitatoka tena hata harufu."

Anyesi aliomba dumu la mafuta ya kupikia lililokwisha. Akalijaza maji. Akatoboa tundu dogo moja kwenye kifuniko, akalifunga, akalipindua juu ya beseni. Maji yalitoka kwa kusitasita, tone, tone, kisha yakakata.

"Maji yamekwisha?" aliuliza.

"Hayajaisha," alisema Namelok. "Umetoboa tundu moja. Hata mtoto anajua. Dumu la mafuta ukitaka kulimimina lazima utoboe na la pili, hewa iin..."

Hakumaliza neno. Alitazama dumu. Akatazama tangi. Mkono wake ukaenda mdomoni.

"Bado, usilie, tuhakikishe," Anyesi alisema. "Koko, ugoro sawa, lakini kiberiti na jiko vikae mbali. Petroli haina utani."

Aliweka kopo chini ya injini. Akachomoa mpira mwembamba unaopeleka mafuta kwenye kabureta, akauelekeza kwenye kopo. Petroli ilitiririka kidogo. Ikapungua. Ikawa matone. Ikakata.

"Mama Solomoni, fungua kifuniko chako."

Namelok aliivuta kamba. Aliitoa nailoni. Akazungusha kifuniko, na wote walisikia sauti. Fyuuu! Tangi lilivuta pumzi. Mara ile ile petroli ikamiminika kwenye kopo kama mtu amefungua bomba.

Lesian alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Koko alisogea, akatazama kopo, akatazama tangi.

"Basi lilikuwa linakabwa," alisema. "Mtu akikabwa shingo atajibuje salamu?"

Namelok aliketi juu ya jiwe. Alijisikia vibaya sana. "Kwa hiyo ni mimi. Nililiziba kwa mikono yangu. Narok angeuzwa kwa ajili ya mikono yangu."

"Sikia, dada." Anyesi alichuchumaa mbele yake. "Kifuniko cha tangi kina tundu dogo kwa makusudi. Mafuta yakitoka, hewa inaingia mahali pake. Ukiziba lile tundu, injini inafyonza mpaka inashindwa, inazima. Ukifungua kutazama, hewa inaingia. Ndiyo maana shemeji akishatazama linawaka. Wewe ulifanya vile maziwa yanavyotaka. Maziwa yanataka kufungwa, petroli inataka kufungwa na kupumua. Hukufundishwa, utajuaje? Ubaya ni mmoja tu. Ulipoona kifuniko kinavuja, hukuuliza."

"Niliona aibu."

"Aibu haijengi nyumba. Uliza."

Namelok akatabasamu kidogo. "Basi naomba kuuliza. Nitoboe huu mpira kwa msumari?"

"Hapana! Tundu la msumari litaingiza vumbi na maji ya mvua, na petroli itaruka tena. Tunatafuta kifuniko kinachofanana na hiki, chenye mpira mzima na tundu lake. Na keni za maziwa zisipande tena tela moja na dumu la mafuta. Kila kitu na njia yake."

Lesian alikuwa ameshavaa viatu. Akapanda bodaboda kwenda mjini. Kifuniko na chujio si kama kabureta. Alivipata kwenye duka la vipuri, akarudi kabla jua halijaanza kushuka. Alikuwa ameshika mfuko wake kifuani kana kwamba amebeba yai.

*

Anyesi hakutaka kufunga vitu mwenyewe. Alisimama pembeni mikono nyuma, akamwambia Namelok afunge. Namelok aliweka chujio jipya. Akarudisha mpira wa mafuta, akakaza kibanio chake. Petroli iliyokuwemo, ya akiba iliyonunuliwa mvua zilipoanza, waliimwaga kwenye dumu kuukuu ili Anyesi aende nayo karakana. Wakaweka mpya kwenye tangi.

"Petroli nayo inachacha," Anyesi alisema. "Ikikaa miezi, inapoteza nguvu. Nunua ya kutumia, si ya kuweka akiba."

"Kama maziwa," alisema Namelok.

"Hapo ndipo vinapofanana."

Mwisho akafunga kifuniko kipya. Mikono yake ilitaka kukaza zaidi, kwa mazoea. Akajizuia. Akarudisha waya wa plagi. Lesian akampisha kiti.

"Panda wewe," alimwambia mkewe. "Leo ni lako."

Namelok alipanda. Alivuta choki, akazungusha ufunguo. Trekta lilikohoa mara moja, likawaka. Alirudisha choki taratibu. Mlio ukawa laini. Wote walisimama wakilisubiri lizime. Halikuzima. Walikaa pale mpaka Koko akachoka kusimama, na trekta lilikuwa bado linaunguruma.

"Takwenya!" Koko alilipigia kelele. Kisha akajijibu mwenyewe kwa sauti nene ya trekta, "Iko!" Wakacheka wote, na Lesian alicheka mpaka akatoa machozi. Namelok alijua kwamba machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake.

Siku iliyofuata walianza kazi umande ulipokauka tu. Walikata uwanja wa mbele, wakakata kando ya madarasa, wakakata mpaka nyuma ya bweni ambako hakuna mgeni angefika. Mwalimu Daniel alitoka ofisini, akasimama, akatikisa kichwa.

"Mama Solomoni, mmebadilisha trekta?"

"Tumelifungua pua, Mwalimu!" alijibu akiwa juu ya kiti.

Jumamosi wageni walikaa kwenye uwanja uliopendeza. Mkuu wa chuo aliwasifia. Jumatatu Mwalimu Daniel alikuja kusema kazi ni yao kwa mwaka mzima. Lesian alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru. Akachukua simu yake, akampigia Yiamat.

"Yule mtamba," alisema, "haendi mnadani."

"Kiangazi je?" Yiamat aliuliza.

"Kiangazi tumekiwekea magunia."

Namelok alisikia akiwa zizini. Alimkumbatia Narok shingoni, kwa nguvu kama anavyofunga keni zake.

*

Kiangazi kilikuja, tena kikali. Upepo wa Kisongo ulibeba vumbi mpaka ndani ya chai. Ng'ombe wa Namelok walikula nyasi kavu za chuo. Narok akazaa. Alizaa ndama jike, mweusi, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso.

Anyesi alikuja kutoa hongera. Siku ya matengenezo alikuwa amelipwa haki yake, akaaga, akaenda zake. Safari hii alileta mkungu wa ndizi kutoka kwao mlimani.

Koko alimkalisha. Namelok akamletea chai ya maziwa. Walipomaliza kunywa, Namelok alimtazama Lesian, na Lesian akaitikia kwa kichwa. Walikuwa wameshazungumza.

"Mama Eliasi," alisema Namelok, "yule ndama unamwona?"

"Namwona. Mzuri."

"Ni wako."

Anyesi alikaribia kuangusha kikombe. "Wangu? Jamani! Mimi nimezungukwa na vyuma kila upande. Nitamweka wapi, juu ya pampu?"

"Atakaa hapa na mama yake. Atakula nyasi za trekta. Akikua na akizaa, utakuja na keni." Namelok aliwatazama Narok na ndama wake. "Baba yangu aliniachia uzao mmoja. Nilidhani utaishia mnadani. Wewe uliuokoa. Nataka nusu yake iwe na mtu ninayemwamini."

Machozi yalimlenga Anyesi, akayafuta kwa mkono wenye alama za grisi.

"Na kuna jambo moja," Namelok aliendelea. "Kwetu, ukimpa mtu ndama jike, hamuitani tena kwa majina. Kuanzia leo mimi nakuita Paashe, jina la waliopeana ndama. Na wewe unaniita Paashe. Hata tukizeeka. Hata tukigombana."

"Paashe," alisema Anyesi, akilijaribu neno mdomoni.

"Paashe," alijibu Namelok.

Trekta lilikuwa limeegeshwa kivulini. Karibu yake keni za maziwa zilikuwa zinakauka juani, vifuniko vyake vikiwa kando, vikisubiri kukazwa. Anyesi aliinuka, akaenda kwa ndama, akamwinamia. Koko alimtazama, akasema kwa nguvu ili wote wasikie:

"Msalimie kwanza!"